Saa ya Papa Ilipoingia Maji

Papa alikuwa na saa moja ya mkono, na saa hiyo aliifanya isome nyakati mbili: wakati wa Kongo na wakati wa Uganda. Watu wa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, walimcheka kwa jambo hilo miaka mingi. Mimi binti yake nilicheka kuliko wote, mpaka siku nilipoambiwa nichague mmojawapo.

Saa yenyewe haikuwa ya watu kama sisi. Ilikuwa ya dhahabu, imetengenezwa Uswisi, nyembamba, haina betri. Ilitiwa ufunguo kwa mkono kila asubuhi. Kwetu, Kivu ya Kusini, Papa alikuwa mpiga king'ora wa kiwanda cha chai. Saa moja asubuhi kikilia watu wanaingia, saa kumi na moja jioni kikilia wanatoka. Mkurugenzi wa kiwanda, Mbelgiji mmoja mkali, alipostaafu aliivua saa mkononi mwake mbele ya wafanyakazi wote akamvalisha Papa. Mama alikasirika. Alisema heri angempa ng'ombe. Lakini vita vilipokuja ng'ombe asingevuka mpaka pamoja nasi, na saa ilivuka, ndani ya mfuko wa unga wa muhogo ambao Mama mwenyewe aliubeba kichwani akinung'unika njia nzima.

Sasa, kwetu wako nyuma ya Uganda kwa saa moja. Kule ikiwa saa moja asubuhi, huku ni saa mbili. Jua ni hilo hilo. Serikali ndizo mbili. Tulipofika Nakivale, wenye saa walisogeza mishale yao wakasahau. Papa alikataa. Alisema haoni sababu ya kusogeza kitu ambacho atakirudisha baada ya miezi michache. Kwa sababu hiyo hiyo alikataa kupanda migomba katika kiwanja tulichopewa. Alipanda maharagwe na mahindi tu, mazao ya miezi mitatu minne. Majirani migomba yao ikafika juu ya paa, na Papa akawa anaitazama.

“Mugomba ni ya mutu mwenye kukaa,” alituambia. “Siye tuko na safari.”

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Papa jembe alilishika siku ya kwanza, tena kwa bidii, ila hakukubali kamwe kwamba siku ya tatu ilikuwa imefika.

Wazee wa kanisa letu waliposikia kwamba alikuwa mpiga king'ora, walimpa kazi ya kengele. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo ya mkaratusi, na nyundo yake ni kipande cha nondo. Aliigonga kila asubuhi kwa watoto wa shule ya kanisa, na Jumapili kwa ibada. Wiki ya kwanza aliigonga kwa saa ya Kongo. Watoto wakakaa nje saa nzima wakirushiana mawe, mwalimu akaja nyumbani amevimba kwa hasira. Kuanzia siku hiyo Papa alipata njia yake. Asubuhi akiamka alikivuta kile kichwa kidogo cha pembeni mwa saa, akasogeza mishale mbele, akaenda kugonga. Jioni akirudi shambani alikivuta tena, akairudisha saa Kongo.

Nilimwambia mara mia, “Papa, si uongeze moja mu kichwa yako tu?” Mimi nina hasira za karibu, na kumwona mtu mzima akihamisha mishale mara mbili kwa siku kulinichoma.

“Mama,” alinijibu, maana ndivyo baba wa kwetu wanavyomwita binti yao, “mukono unagonga kile jicho linaona. Ukiingiza hesabu katikati, siku moja utagonga hesabu.”

Basi akaendelea hivyo zaidi ya miaka kumi. Asubuhi vidole vimelowa maji ya kunawa uso, jioni vina udongo wa shamba. Siku nyingine alisahau kukirudisha kichwa ndani, kikashinda nje kama ulimi wa mbuzi huku yeye akimwagilia maharagwe. Sikuwaza lolote. Nilikuwa na cherehani yangu katika soko la Rwekubo, na mambo ya saa niliyaona ni ya wazee.

Ikaja masika moja ya mvua mbaya, na ukungu ukaonekana chini ya kioo cha saa. Asubuhi ulikuwepo, mchana ukaondoka, asubuhi ukarudi mzito zaidi. Papa aliifuta kwa shati, lakini ukungu ulikuwa upande wa ndani. Uso wa saa, uliokuwa mweupe, ukaota madoa ya rangi ya chai. Siku ya nne mishale ilisimama. Aliitikisa, akaisikiliza, akaiweka juu ya Biblia yake kana kwamba itaombewa.

Hapo ndipo mimi nilipotia mkono wangu. Kwetu mawese ni dawa. Mlango ukilia unaupaka mawese, mtoto akiungua unampaka mawese, nywele zikikauka vilevile. Papa alipokwenda shambani nilikivuta kichwa cha saa, nikachovya sindano ya cherehani katika chupa ya mawese, nikadondosha tone kwenye tundu. Halafu tone la pili, kwa usalama. Saa ikaanza kutembea. Nilijiona daktari. Ilitembea mpaka kesho yake saa nne, ikasimama kabisa, na sasa hata kuitia ufunguo kukawa kugumu. Papa hakujua kwa nini, nami sikumwambia.

Bila saa, alianza kugonga rimu kwa kukisia jua, na mvua ile haikuwa na jua. Jumapili moja aligonga mapema, watu wakaja wakakuta kanisa limefungwa. Jumapili iliyofuata alichelewa, mchungaji akaanza bila kengele. Kulikuwa na shemasi mmoja kijana, ndiye pekee mwenye simu katika eneo letu, akasimama katika kikao cha wazee akasema simu yake inaita yenyewe kila saa anayotaka, kwa nini kanisa limtegemee mzee na jua. Wazee walimheshimu Papa, hawakumfukuza. Walisema wampe mpaka Pasaka. Ikifika Pasaka saa haijapona, nondo atapewa shemasi.

Papa aliporudi kutoka kikaoni aliketi nje akiyashika magoti yake. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Maharagwe hayahitaji mtu kila siku. Bila ile rimu, hakukuwa na mtu yeyote Nakivale ambaye angemngoja Papa kwa jambo lolote, na yeye alilijua hilo, nami nililijua. Na mawese yalikuwa yangu.

Mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Mbarara, aliyekuwa akiniletea nyuzi na zipu Rwekubo, ndiye aliyeniambia habari za fundi wa saa wa mtaa wa Nyamityobora, huko huko Mbarara. Alhamisi kabla ya Pasaka niliifunga saa katika leso, nikapanda teksi, nikapita mji mdogo wa Kaberebere bila kushuka hata kununua ndizi. Mke wa mfanyabiashara alikubali nilale kwao.

Fundi alikuwa mzee mfupi, kofia nyeupe, ndevu zenye hina, Kiswahili cha kuokoteza. Kibanda chake kilikuwa na saa za ukutani labda thelathini, kila moja ikisema lake. Nilifungua leso mezani. Aliitazama saa, akanitazama mimi, kitenge changu, kandambili zangu.

“Nyabo, hii saa ni ya nani?”

“Ya baba yangu.”

“Baba yako ni waziri?”

“Ni mkimbizi.”

“Mkimbizi wa wapi navaa dhahabu?”

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, najua, lakini siku hiyo kamba ilinibana. Nilimwambia ni mkimbizi wa kiwanda cha chai, alipewa mbele ya watu mia tatu, na kama anataka kuniitia polisi aite, ila kwanza atengeneze, kwa sababu Pasaka haingoji polisi. Yule mzee akacheka mpaka akavua kofia. Akanivutia kigoda.

Alibana kioo cha kukuzia jichoni, akafungua mgongo wa saa kwa kisu kifupi. Kisha akaisogeza puani.

“Bannange,” alisema taratibu. “Nani napika ndani ya hii saa?”

Nilitaka kusema sijui. Lakini mficha uchi hazai, na nilikuwa nimetoka mbali. “Ni mawese,” nikasema. “Tone moja.”

“Moja?”

“Mawili.”

“Kwenu hii mawese ni dawa ya nini?”

“Ya kila kitu.”

“Sasa umeona kitu kimoja imeshindwa.”

Alinionyesha kupitia kile kioo chake. Magurudumu madogo ya rangi ya dhahabu, yenye meno, na juu yake utando mwekundu ulioganda na kushika vumbi la nguo. Chini ya mawese kulikuwa na maji, au kazi ya maji: kutu ya rangi ya matofali juu ya skrubu, na kutu nyingine nyeusi kwenye kile kijiti cha chuma kinachoingia kutoka kwenye kichwa cha pembeni. Alisema mawese ni fujo tu, yanaoshwa. Maji ndiyo adui. Na maji yaliingilia hapa, akagusa lile tundu la kichwa kwa ncha ya kibanio.

Aliniambia niiache nirudi Jumamosi. Nikamwambia saa hii hailali bila mimi. Akainua mabega. Kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa nilishinda kwenye kigoda kile nikimtazama, na jioni alinifungia saa yangu vipande vipande katika kikopo, nikaondoka nacho, asubuhi nikakirudisha. Hakukasirika. Nadhani alifurahi kuwa na mtu wa kumwona akifanya kazi.

Alitoa kila kipande akakipanga juu ya karatasi nyeupe kwa mpangilio wa kutoka, ili kurudi kuwe kwa kinyumenyume. Aliviosha katika bakuli la petroli, akavipiga mswaki wa manyoya laini, petroli ikawa ya rangi ya machungwa. Kutu aliikwangua kwa kijiti cha mti, si kwa chuma, akisimama kila mara kupuliza kwa kipira. Adhana ilipotoka msikitini alifunika karatasi kwa bakuli la kioo, akaenda kuswali, akarudi akakuta kila kitu pale pale na mimi pale pale. Ule mpira mwembamba unaozuia maji kwenye kichwa ulikuwa umeliwa kabisa. Alitafuta katika visanduku vyake mpaka akapata wa saa nyingine iliyokufa, akaupunguza kwa wembe, akaujaribu, akaupunguza tena. Mafuta aliyotia mwishoni yalikuwa kidogo hata sikuyaona. Malipo tulielewana, na sina haja ya kuyaeleza hapa.

Jumamosi mchana aliniita niangalie. Aliipasha saa moto kidogo karibu na balbu, akadondosha tone la maji baridi juu ya kioo, akangoja, akafuta. Chini ya kioo hapakuwa na ukungu. Kama kungekuwa na unyevu ndani, alisema, ungejikusanya pale pale chini ya tone. Kisha akaiweka sikioni mwangu. Nilisikia sauti ile niliyolala nayo utotoni, mkono wa Papa ukiwa chini ya kichwa changu, na machozi yakanitoka bila ruhusa.

“Sasa sikiliza vizuri,” fundi alisema. “Hii kijiti imekuwa nyembamba hapa shingoni. Kutu imekula. Nyingine ya hii saa mimi sina, na hata Kampala sijui kama utapata. Kutia ufunguo, sawa, hiyo ni kuzungusha tu. Lakini kuvuta, hapana. Mzee akivuta, itakatika, na maji itarudi. Kwani mzee navuta mara ngapi?”

“Mara mbili kwa siku.”

“Kila siku? Kwa nini?”

Nikamweleza: asubuhi Uganda, jioni Kongo. Nilimweleza kwa kucheka kidogo, kama tulivyozoea. Yeye hakucheka. Alikuwa mtu wa kwanza niliyemwona asicheke.

“Basi mimi navuta mara ya mwisho,” alisema. “Sema. Niweke ya wapi?”

Nilimwambia angoje. Nilitaka kumuuliza Papa, lakini kesho yake ilikuwa Pasaka, na mwenye simu kule kwetu alikuwa yule shemasi. Heri niimeze saa nzima na mkanda wake kuliko kumpigia yeye. Nikafikiri. Nikisema ya Kongo, Papa atagonga kile jicho linaona, watoto watarushiana mawe tena, na nondo itaondoka mkononi mwake. Nikisema ya Uganda, atagonga vizuri. Ilikuwa hesabu ya mtoto wa chekechea. Hata hivyo niliirudia mara tatu.

Fundi alikuwa ameshika kichwa cha saa kwa vidole viwili, akingoja. Akasema, bila kuniangalia, “Sisi tukiswali naangalia Maka. Lakini saa ya kuswali, nafuata jua ya Mbarara.”

“Ya Uganda,” nikasema. Akavuta, akasogeza mishale, akarudisha kichwa ndani kwa kidole gumba. Kililia kidogo tu.

Nilifika nyumbani jua likielekea kuzama. Papa alikuwa nje kwenye benchi, na nikajua alikuwa hapo tangu mchana. Niliifungua leso. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, akafumba macho. Kisha akaivaa. Kisha, kwa kuwa ilikuwa jioni, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa umezoea miaka yote hiyo, vidole vyake vikaenda kwenye kichwa cha saa kuirudisha Kongo.

Nilimshika mkono. Nikamwambia yote: kutu, kijiti, na mawese pia, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuyabeba. Mawese aliyapita. Aliuliza jambo moja tu.

“Na uliambia fundi aweke ya fasi gani?”

“Ya huku, Papa.”

Aliitazama saa. Nilitamani anigombeze. Nilikuwa na majibu tayari, makali, niliyapanga tangu Kaberebere, kuhusu shemasi, kuhusu miaka, kuhusu mtu anayeishi hapa na kulala kule.

“Kumbe tulishafika,” alisema. “Aksanti, mama.”

Nikaenda kuwasha moto wa ugali na kupuliza makaa yasiyohitaji kupulizwa.

Pasaka aligonga rimu saa mbili kamili, na tena saa tatu kasoro dakika tano. Shemasi alitoa simu yake mfukoni, akaitazama, akairudisha mfukoni. Watu walimpa Papa mkono mlangoni mwa kanisa, wazee wakamwambia kazi ni yake mpaka mwenyewe achoke. Alicheka, alikula vizuri kwa jirani, alikuwa na furaha ya kweli siku hiyo, sitasema uongo.

Jumatatu sikwenda Rwekubo. Nilikuwa nashona mlangoni nilipomwona anatoka kwa jirani na machipukizi ya migomba begani, sita. Aliondoa maharagwe upande wa nyuma ya nyumba, akachimba mashimo, akapanda moja baada ya jingine, akipima nafasi kwa hatua zake. Hakuniita nimsaidie. Alipomaliza alinawa, akaikausha saa kwa uangalifu kwa pindo la shati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaketi kwenye benchi.

Mishale ilionyesha saa kumi na mbili. Alizungusha mkono huku na huku, akaisoma saa kana kwamba kuna maandishi nyuma ya maandishi. Halafu yeye, ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kumuuliza mtu jambo hilo, aliniita.

“Mama. Kwetu ni saa ngapi sasa?”

Nilisimamisha cherehani. “Saa kumi na moja, Papa.”

Akaitikia kwa kichwa taratibu.

“Basi bantu banatoka,” alisema.

Kiwanda kile kilichomwa mwaka ule ule tuliokimbia. Yeye mwenyewe alikiona kikiungua.